Ziara ya Magofu ya Kilwa Kisiwani: Huduma Njema Inayodai Matunzo

Anayekwenda kutembelea magofu ya Kilwa Kisiwani hulipa kiingilio, ada ya mwongozaji na nauli ya boti, lakini sehemu kubwa ya gharama ya ziara hiyo imekwisha kulipwa na walipa kodi kabla hajafika ufukweni Kilwa Masoko, mji wa bara unaokitazama kisiwa hicho. Kwa sababu hiyo, naona ni haki kuipima huduma hii pamoja na fedha za umma zilizoiwezesha.

Safari yenyewe, ya takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, ni ushahidi wa kwanza. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka mto Rufiji kwa kivuko, na mvua za masika zikikolea abiria wa Kusini hawakuwa na hakika ya siku ya kufika. Leo daraja hilo la mita 970 na barabara ya lami vimeifanya Kilwa iwe safari ya siku moja, ingawa Mei 2024 mvua zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, mikoa ya Lindi na Mtwara ilikumbuka upesi hali ya zamani.

Kisiwani penyewe, Msikiti Mkuu unatosha kumridhisha aliyetoka mbali. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, na upanuzi wa upande wa kusini, wenye matao na kuba, ulianza enzi za Sultani al-Hassan bin Suleiman, ambaye Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Mwongozaji wetu, mwenyeji wa kisiwa, aliyaeleza haya kwa utulivu na bila chumvi, akionyesha mahali chokaa mpya ilipokutana na ya kale. Husuni Kubwa, jumba la sultani huyohuyo lenye birika la pembe nane juu ya genge la bahari, liko mbali kidogo, na njia yake ina jua kali. Asiyebeba maji atajuta.

Uzuri huu ulikuwa karibu kupotea. UNESCO iliiorodhesha Kilwa Kisiwani pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, kisha mwaka 2004 ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufukwe na miti ikipasua kuta. Fedha za Serikali na za wafadhili wa nje zililipia ukarabati, na mwaka 2014 magofu hayo yakaondolewa katika orodha hiyo. Hayo ni mafanikio ya kweli, na ukisimama chini ya Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye, utaelewa ni kazi kiasi gani kuizuia bahari.

Hoja yangu inaanzia hapo. Fedha za miradi huja kwa mkupuo na huisha, ilhali jengo la mawe ya matumbawe linahitaji kung'olewa vichaka na kuzibwa nyufa kila mwaka. Upande wa pili wa maji, Kilwa Masoko, Serikali imewekeza zaidi ya shilingi bilioni 260 katika bandari ya uvuvi, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023. Siilaumu, kwa kuwa wavuvi wameisubiri kwa muda mrefu. Lakini fungu dogo la kudumu, linalowaajiri mafundi chokaa wa kisiwani mwaka mzima, lingeyafaa magofu kuliko ukarabati mkubwa unaofanywa baada ya ukuta kuanguka, na lingeacha ujira katika kijiji ambacho watalii hukipita tu.

Kasoro nyingine ni ya kivuko. Boti tuliyokodi kwa mtu binafsi haikuwa na maboya ya kujiokolea ya kutosha, na nahodha alipoulizwa alicheka. Mgeni asisite kukataa boti ya namna hiyo na kutafuta nyingine, hata ikibidi kulipa zaidi. Anayepanga ziara achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, alale Kilwa Masoko na kuvuka asubuhi na mapema, kwa maana Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa haviwezi kutazamwa vizuri kwa haraka ya saa mbili.