Maji ya mfereji yanuka dawa? Anza na jagi

Sharubati ya ukwaju ikinuka dawa ishaharibika, hata uitie sukari kilo. Hapa Mombasa wengi tukichoka na hiyo harufu ya klorini twakimbilia duka, twarudi na mashine ya bei kubwa ambayo hata hatukuihitaji. Nawaomba jamani msifanye hivo.

Namba moja kwangu ni jagi la filta ya kaboni. Maji yetu yaja kwa zamu, twajaza tangi na mitungi, so filta ya kufunga kwa mfereji siku maji hayapo yakaa bure, lakini jagi wamimina hata maji ya tangi na mitungi. Boksi lazima liandikwe activated carbon (makaa ya jiko si kitu kimoja, usijaribu) na uulize kabisa katriji (kile kichujio cha ndani) za kubadilisha wanazo, manake hapo ndo pesa zaishia: katriji ya lita 150, nyumba yatumia lita 8 kwa siku kunywa na kupika, haifiki wiki 3. Glasi yangu ya kwanza ilitoka na vumbi jeusi chini nikashtuka, kumbe ni kaboni tu, maji ya mwanzo wamwaga.

Kama una tangi juu na jikoni maji hayakatiki, kaboni ya chini ya sinki ni namba mbili, wengi hubadilisha kila miezi 6. Ile ndoo ya mishumaa ya udongo (vichujio vya umbo la mshumaa) yashika uchafu, dawa yapita, ila mshumaa uwe na kaboni ndani. RO (reverse osmosis, mashine ya kusukuma maji kwa utando mwembamba sana) ni ya mwisho, ghali na yamwaga maji mengi. Lakini mkitumia kisima cha chumvi hiyo ndo namba moja, kaboni haitoi chumvi.

Mfuko umebana? Tia maji kwa sufuria pana, funika kitambaa safi, iache hadi asubuhi. Ama kamua ndimu, vitamini C kama miligramu 2.5 yamaliza klorini miligramu 1.

Na tafadhali dawa muiache tangini, ndo yalinda maji. Toa ile ya kunywa tu, weka friji, mmalize siku hiyo hiyo. Kujua katriji imechoka, jaza chupa nusu na maji ya jagi, funga, tikisa sana, fungua unuse hapo hapo: yakinuka dawa, badilisha.