Taa ya LED ya wati 30 kwa tangi la samaki la lita 150: inunue, lakini usiifungie ndani ya mfuniko

Taa yenyewe ni ile bapa ya sentimita 90: bodi ya alumini, adapta ya volti 12, na miguu miwili ya kuvuta inayokalia kingo za kioo. Huuzwa kwa majina mengi, umbo ni lilelile. Kwa anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma ni chaguo zuri kuliko taa za tyubu, tena kwa mbali, na sababu kubwa ni joto.

Samaki hao, kama Tropheus na Cyprichromis, hustawi kwenye maji ya nyuzi 24 hadi 27. Mwezi wa tisa, chumba cha bati kisicho na dari hupita hapo kabla hata swichi haijaguswa, kwa hiyo kila wati inayoongezwa ina madhara. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 8 kuliko ya nyuzi 25, wakati huohuo samaki anahitaji hewa zaidi. Na kwa kuwa maji ya samaki hawa yana pH (kipimo cha asidi na besi) ya juu, karibu 9, amonia kidogo tu inayotokana na kinyesi huwa sumu kali, na joto huizidishia ukali.

Sasa hesabu. Joto lote la wati 30 likiingia kwenye lita 150 bila kupotea, maji hupanda nyuzi 0.17 kwa saa, yaani 1.4 kwa saa nane. Tyubu mbili za wati 36 pamoja na choki zake (vifaa vinavyodhibiti umeme wa tyubu) zilizofichwa ndani ya mfuniko hula kama wati 90: nusu nyuzi kwa saa, nyuzi 4 kwa saa nane. Kioo hupoteza sehemu ya joto hilo, hivyo kipimajoto kitaonyesha chini ya hapo, lakini tofauti ya mara tatu inabaki palepale. Luku nayo itaiona: uniti 0.24 kwa siku badala ya 0.72.

Kosa linaloiharibu taa hii ni kung'oa tyubu na kubandika LED ndani ya mfuniko uleule wa zamani. LED hutoa joto lake kwa nyuma, kupitia alumini. Ikizibwa, hewa ya mvuke chini ya mfuniko inapata moto na kuurudisha kwenye maji, na vitaa vyenyewe hufifia kabla ya wakati wake. Iache wazi, sentimita 8 hadi 10 juu ya maji. Cyprichromis wanaruka, kwa hiyo badala ya kioo tengeneza fremu nyepesi na uwambe wavu wa mbu wa madirishani. Mwanga unaopungua ni mdogo, mvuke unatoka.

Mvuke ndio unaopoza tangi. Lita moja ikikauka, huondoka na joto ambalo lingepandisha lita 150 kwa karibu nyuzi 4. Feni ya kompyuta ya sentimita 12, volti 12, inayokula wati mbili hivi, inatosha: ifunge ukingoni, ipulize kwa mshazari juu ya uso wa maji, si kwenye taa. Masika hewa ikiwa nzito feni hufanya kazi kidogo, ila joto la chumba nalo huwa limeshuka. Jaziliza kwa maji ya mvua safi. Ukijaziliza ya ziwani kila siku, chumvi inabaki na kujilimbikiza, maana kinachokauka ni maji peke yake.

Udhaifu wa taa hii uko kwenye adapta. Wati 30 kwa volti 12 ni ampea 2.5. Soma kibandiko kabla ya kulipa: kikiandika ampea 2, omba ya ampea 3, la sivyo itachemka na kuungua, hasa umeme ukiyumba. Itundike nje ya tangi, waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lisitiririke hadi kwenye umeme. Miguu ya plastiki ni laini pia. Usiitegemee kwenye tangi la zaidi ya mita moja.

Mwanga wake unatosha kina cha sentimita 45 na kuotesha mwani kwenye mawe, chakula anachokwangua Tropheus. Saa nane zinatosha. Weka taima iwashe saa 2 hadi saa 6, izime mchana wa jua kali, iwashe tena saa 10 hadi saa 2 usiku.

Maji yakizidi joto, kabla ya kuilaumu taa, pima joto lake saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, siku moja ikiwa imewashwa na siku ya pili ikiwa imezimwa. Nyuzi zikipanda sawasawa siku zote mbili, kagua hita, huenda imenata ikabaki imewaka. Kisha angalia pampu ya kuzamishwa: ya wati 25 huacha karibu joto lake lote majini usiku na mchana, jumla ya uniti 0.6, zaidi ya mara mbili ya taa hii. Hapo pesa ya kwanza iende kwenye pampu ya wati chache.