Kiambaza cha kukunja chumbani: bawaba zimenitia uchungu

Sikipendekezi. Naliandika hili mapema kabla moyo haujalainika, maana najua utalainika.

Chumba ninacholala ndicho ninachofanyia kazi, na nilishachoka kufumbua macho asubuhi nikakutana na rundo la makaratasi mezani. Nikaagiza kiambaza cha kukunja, paneli nne za mianzi iliyosukwa ndani ya fremu ya mbao. Kilipofika nilifurahi kama mtoto siku ya sikukuu. Nikakisimamisha kati ya kitanda na meza, nikakaa kukiangalia tu.

Sasa kuna hesabu ambayo hakuna aliyenipa. Paneli ina sentimita 45, nikajumlisha nne nikapata 180. Kumbe huo ni upana wa kiambaza kilichonyooka, na kikinyooka hakisimami. Lazima kiende zigizaga, na ukikikunja kwa pembe mraba kinaziba kama sentimita 127 tu. Meza ikabaki inachungulia. Nikakifungua zaidi kidogo, kidogo tu, ili kona ya meza ifichike.

Usiku kikaanguka. Feni ilikuwa inazunguka, nadhani ndiyo iliyokisukuma. Kishindo chake sitakisahau, lakini kilichoniuma ni nilichokiona nilipowasha taa. Bawaba mbili zimeng'oka pamoja na skrubu zake, skrubu fupi kuliko ukucha wa kidole gumba, zilizochomekwa ubavuni mwa fremu. Na ile "mbao" ilikuwa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, ukapakwa rangi juu. Matundu yamejaa vumbi la kahawia, ukilipuliza linaruka.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, nikamtumia na picha. Akajibu: "Dada, hicho ni pambo, si ukuta. Umekichezea." Umekichezea! Mimi mtu mzima, chumbani kwangu, usiku, nimelala! Nikamuuliza ni pambo gani lisiloweza kusimama kwa miguu yake, na ile mbao aliyoitangaza iko wapi. Akasoma. Tiki mbili za buluu zipo mpaka leo, jibu hakuna.

Wajapani kiambaza cha aina hii wanakiita byobu, maana yake kinga ya upepo. Tangu karne ya 14 wamekuwa wakiziunga paneli zao kwa bawaba za karatasi zinazokunjika mbele na nyuma, na viko vya karne zilizopita ambavyo bado vinasimama kwenye majumba ya makumbusho. Karatasi! Changu kina bawaba za chuma, na hakikumaliza hata miezi miwili. Au tuseme mitatu, sikuandika tarehe.

Nilikitengeneza mwenyewe. Nilichovya vijiti vyembamba vya mbao kwenye gundi, nikavijaza ndani ya matundu, nikavikata usawa wa fremu na kuviacha vikauke mpaka kesho yake. Kisha nikatoboa upya kwa keekee nyembamba, nikafunga skrubu ndefu zaidi, na kila kiungo nikakiongezea bawaba moja katikati. Tangu hapo hakijatikisika, na feni ni ile ile. Kazi hiyo ilikuwa ya kiwandani, si yangu.

Lakini niseme kweli. Asubuhi jua likipita kwenye ile mianzi, mwanga unaanguka kwenye shuka vitone vitone, na vinasogea polepole mpaka vinafika kwenye mto wa kulalia. Meza siioni. Nalala vizuri kuliko nilivyolala kwa muda mrefu sana, na mtu akinitaka nikitoe chumbani hatutaelewana.

Nilikuwa nimetoa nyota moja. Juzi nikaamka na ule mwanga usoni, nikaingia nikaweka tatu. Kisha nikafungua ujumbe wake kutafuta tarehe ya manunuzi, nikakutana tena na lile neno, umekichezea. Nimerudisha moja.