Beringi moja ya tela la kukodi, na boti yangu ikalala njiani

“Kaka, tela ni chuma na matairi mawili. Unataka nikukagulie nini pale?”

Maneno hayo ninayo kifuani mpaka leo. Aliniambia mwenye yadi moja ya kukodisha matela hapa Dar, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, hata simu hakuiweka chini. Jina lake silitaji. Nilikuwa nimemuuliza kwa adabu kabisa: beringi hizi za magurudumu zilitiwa grisi lini mara ya mwisho? Safari ni ndefu, mzigo ni boti, na kwenye rimu ya kushoto nilishaona mchirizi mweusi uliokauka ukashika vumbi. Nikamwonyesha kwa kidole. Hakuinuka.

Nilipaswa kuondoka pale pale. Sikuondoka, kwa sababu tela la boti la kukodi hapa mjini unalitafuta kwa tochi, na mimi nilikuwa na ahadi Pangani. Nikalipa kodi ya siku nne, nikaacha na amana ya sh. 300,000, nikafunga tela nyuma ya pikapu.

Boti yangu ni ya faiba, futi 17, mashine ya nguvu za farasi 40. Ndiyo inayonilisha. Kuna watu Pangani walitaka niwe nawapelekea wageni Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kinachofunikwa na bahari maji yakijaa. Wengi wameniuliza kwa nini sikuipeleka kwa maji. Anayeuliza hivyo hajawahi kupanda kaskazini na boti ndogo wakati kaskazi imeshika. Upepo unao usoni, kila wimbi linakupiga kifuani, na petroli inaisha hata Saadani hujaiona. Mzee mmoja nahodha wa Kunduchi, nilipomwamkia na kumwomba ushauri, alinijibu neno moja: “Ivute.”

Sasa pikapu. Ni dabo kabini ya dizeli, zile za ukubwa wa kati ambazo kila mtu mjini anazo, na mambo ya nguvu ya farasi na uwezo wa kuvuta mtu atayasoma mwenyewe. Mimi nasema nilichokiona. Pale ufukweni Kunduchi tulirudisha tela kinyumenyume mpaka matairi yake yakazama, boti ikaelea juu yake, mpwa wangu akaikaza kwa mkanda. Kutoka kwenye mchanga ule, na boti imekaa, nilitegemea tutaomba vijana wasukume. Nilikuwa nimepunguza upepo wa matairi kidogo, nikaweka fowili ili matairi yote manne yavute, gia ya chini kabisa, nikaachia klachi taratibu. Ikapanda bila hata kupapatika. Wavuvi waliokuwa wanatazama wakapiga makofi. Nilifurahi kama mtoto, na siku ile ningeulizwa ningesema hakuna kazi rahisi kama kuvuta boti.

Tukashika njia ya Bagamoyo, tukaingia Msata. Ile barabara ya pwani ya kupitia Saadani niliikwepa kwa makusudi, sikutaka kumjaribu Mungu na tela la mtu. Kabla hatujafika mbali likaanza kutikisa mkia. Basi moja la Arusha lilitupita kwa kasi, upepo wake ukalisukuma tela kulia, likarudi kushoto, likaenda kulia tena, na usukani mkononi ukawa hautulii. Sikukanyaga breki. Niliachia mafuta tu, likatulia lenyewe. Kosa lilikuwa la upakiaji: madumu mawili ya petroli na nanga vilikuwa nyuma kabisa, karibu na mashine, kwa hiyo uzito wote uliegemea mkiani. Tukasimama, tukavihamishia mbele, upande wa pikapu. Kuanzia hapo likawa linafuata kama mbuzi wa kamba. Ukitaka kuvuta boti, kumbuka hili kuliko yote: kichwa cha tela lazima kikae na uzito wa kutosha juu ya pikapu, kama sehemu moja kati ya kumi ya mzigo mzima. Kikiwa chepesi mpaka unaweza kukinyanyua kwa mkono mmoja, usiondoke.

Njia ile ina matuta na rasta kila kijiji, na trafiki na tochi zao za kupima mwendo. Walitusimamisha mara mbili. Wa kwanza alizunguka tela lote, akataka tumwashie indiketa, akatutakia safari njema. Mtu hanijui, hanidai, ananisemesha kiungwana. Na yule niliyemlipa pesa yangu hakunyanyuka kitini.

Msata tulisimama kunywa chai. Nikapitisha kiganja kwenye habu za tela, yaani vile vitovu vya magurudumu vinavyobeba beringi, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili. Ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto nikaondoa mkono haraka. Nikampigia mwenye tela, nikamwambia habu ya kushoto inaunguza. “Ni kawaida,” akasema. “Chuma kikitembea kinapata moto.” Nikamuuliza, mbona ya kulia haijapata? Akasema yuko na wateja.

Tukaendelea polepole, hamsini, arobaini. Tukavuka Wami kwenye daraja jipya. Mteremko wa pale nilishuka na gia ya tatu, injini ikishika mzigo wenyewe, na hapo tena naipa pikapu heshima yake. Baada ya Mbwewe mpwa wangu akaangalia kioo cha upande wake akasema, “Mjomba, tairi limelala.” Nikadhani pancha. Nilipoegesha nikaona tairi lina upepo wote ila limeinamia ndani, limeegemea chini ya boti, na kwenye habu moshi unapanda mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua. Kifuniko kilikuwa kimeshadondoka huko nyuma. Kwenye lami, hatua kama ishirini nyuma yetu, mpwa wangu aliokota gololi za beringi, zile ndefu kama punje za mchele, zimekuwa za bluu kwa moto.

Ilikuwa jua la saa nane, hakuna kivuli, na boti yangu imelala upande kando ya barabara kuu, malori yanapita kwa mvumo na kila likipita faiba inatikisika.

Mpwa wangu akapanda bodaboda hadi Mkata akarudi na fundi, kijana mdogo mwenye begi la spana na jeki mbili. Aliniamkia kwanza, akanipa pole, ndipo akalala chini ya tela. Kazi yake niliisimamia kwa macho yangu, kwa hiyo ninachosema hapa sikuambiwa. Alipofungua nati, mahali pa kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, palikuwa na msumari. Msumari wa mbao, umekunjwa kwa nyundo. Alipovuta habu, grisi iliyobaki ndani ilikuwa nyeupe, imevunjikavunjika kama tui lililokatika. “Mzee, hii imekunywa maji,” akaniambia. Beringi ya ndani ilikuwa imeganda kwenye mkono wa ekseli, ikabidi aikate kwa tindo, nusu saa nzima anagonga. Na chini yake chuma kimeliwa na kutu vishimo vishimo.

Akafungua na upande wa kulia. Huko grisi ilikuwa nyeusi na ngumu kama nta ya mshumaa, na beringi ilikuwa ya namba nyingine kabisa. Yaani tela moja, ekseli moja, kulia kumetoka gari moja na kushoto kumetoka gari jingine. Ndiyo maana Mkata nzima hatukupata ya kuingia.

Nikampigia tena mwenye tela. Nilitaka aniambie tu ile habu ilitoka gari gani, ili nijue nitafute nini. Akaniuliza, “Uliliingiza baharini?” Nikasema ndiyo, ni tela la boti. “Basi umeliua mwenyewe. Nani alikuambia uliingize kwenye chumvi?” Nikamwambia, kaka, tela la boti lisipoingia majini liingie wapi? Akakata simu. Nilipiga mara tatu, hakupokea.

Usiku ule nililala kabini nikiwa nimeshika spana ya magurudumu, mpwa wangu ndani ya boti chini ya turubai. Mama mmoja muuza chai alitutumia maandazi gizani bila kutudai. Asubuhi mpwa wangu akaenda Handeni na zile beringi mbovu mfukoni, fundi amezisugua kwa petroli mpaka namba ikasomeka. Alirudi saa nane mchana na seti kamili, sili zake za kuzuia maji na kotapini za chuma. Saa kumi na moja tukawa barabarani.

Nimekaa nikawaza maneno ya yule bwana, maana hasira isinifanye nidhulumu. Kuna ukweli ndani yake. Habu iliyotembea kwenye foleni ya mjini inakuwa ya moto. Ukiizamisha palepale kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inanywea ghafla na kuvuta maji kupita kwenye sili. Ningesubiri nusu saa ipoe kabla ya kuingiza tela majini. Sikusubiri, maji yalikuwa yanaanza kutoka na nilikuwa na haraka. Hilo nalikubali, na nyinyi msilifanye. Pia ukishatoka baharini suuza kwa maji baridi ya bomba, na mimi sikusuuza.

Lakini kutu ya kutoboa chuma vishimo haiingii kwa siku moja! Chumvi ya asubuhi ile haikuweka msumari mahali pa kotapini. Chumvi haikuchukua habu ya gari moja ikaifunga na ya gari jingine. Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuona kwamba nilikuwa mpole mno kusema kuna ukweli ndani yake. Alijua. Mtu anayekunja msumari anajua anachokifanya, na yule aliona boti na kijana wa watu ninayesafiri naye, akapokea pesa.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na la pikapu ambalo mwanzoni nilitaka kulipitia juu. Niliisifia, na kwa kuvuta naisifia bado. Kusimama ni habari nyingine. Tela lile halikuwa na breki zake, na karibu na Mbwewe ng'ombe walikatiza mbele yangu. Nilikanyaga breki, pikapu ikashika, na tela likaja kunisukuma mgongoni mpaka sehemu ya nyuma ya gari ikataka kwenda pembeni. Tulisimama mita mbili kutoka kwa ng'ombe wa mwisho, mchungaji ameshika kichwa. Gari zito zaidi lingetulia. Halafu springi za nyuma zililala, pua ya gari ikaangalia juu, na ile jioni tunatoka Mkata kila dereva aliyekuja mbele alinipiga taa, maana zangu zilikuwa zinammulika machoni hata nikiziinamisha. Kwa hiyo anayeniuliza kama pikapu ya kawaida inatosha kwa boti ndogo, nilikuwa nimjibu inatosha. Sasa namjibu inatosha tela likiwa na breki, vinginevyo nisingemruhusu mpwa wangu kukaa ndani yake tena.

Pangani tulifika. Ile barabara ya vumbi ya kutoka Muheza niliendesha kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, nasimama kila baada ya muda kushika habu. Zilibaki baridi zote mbili. Fundi wa Mkata alinitoza kidogo kuliko amana niliyoiacha Dar, pamoja na beringi, na alipomaliza alinipa namba yake nimpigie nikifika ajue tumefika salama. Nilimpigia kabla ya kumpigia mke wangu.

Tela nililirudisha siku mbili nyuma ya makubaliano. Nilimwekea yule bwana mezani beringi iliyoungua, risiti ya Handeni na ule msumari. Aliangalia risiti akasema hakunituma nikanunue kitu. Siku mbili za kuchelewa akazikata kwenye amana. Iliyobaki akasema ni ya kuosha chumvi na kupaka rangi. Nilimwambia mbele ya vijana wake kwamba zile siku mbili nilizipoteza barabarani kwa sababu ya msumari wake. Akaniambia niache kelele, kuna wateja.

Na walikuwepo kweli. Kulikuwa na kijana amesimama anasubiri tela lilelile akavutie boti, na lilikuwa na beringi zangu ndani, nilizozinunua kwa pesa yangu. Nilimvuta pembeni nikamweleza kila kitu, nikamwambia kwamba safari hii angalau habu ni nzima, ila breki hakuna. Akanishukuru.

Mpwa wangu kila siku ananiambia, “Mjomba, achana naye, pesa hutafutwa.” Siachani naye. Wiki hii naenda tena yadini, na risiti yangu.