Saa ya mtindo wa 1945 niliyoiunda mwenyewe: uzoefu wangu baada ya miezi saba

Saa ninayoizungumzia hapa ilinifikia ikiwa vipande ndani ya boksi: kasha la chuma cha pua la milimita 36, uso mweusi wenye namba, mishale mitatu kwenye kijimfuko, kioo, mashine ya Seiko NH35, ufunguo wa pembeni na kijiti chake, mpira wa kuzuia maji, mkanda wa turubai na vifaa vichache vya kazi. Muuzaji aliitangaza kuwa seti ya kujiundia saa ya kijeshi ya mwaka 1945. Nimeiunda, nikaifumua, nikaiunda tena, na nimeivaa karibu kila siku kwa miezi saba. Nusu ya vile vilivyokuja kwenye boksi havimo tena ndani yake, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Niseme kwanza nilichokuwa nakitafuta. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Uingereza lilipokea saa za mkono kutoka kampuni 12, zikiwemo Omega, Longines, IWC, Cyma na Vertex. Kila kampuni ilitengeneza kwa namna yake, lakini masharti yalikuwa mamoja: uso mweusi, namba za kawaida, sekunde zikihesabiwa kwenye kiduara kidogo juu ya namba 6, mashine yenye vito 15 (vijiwe vya kupunguza msuguano ndani yake), kasha lisiloingiza maji, kioo kisichopasuka hovyo. Mgongoni zilichongwa herufi W.W.W. (Watch, Wrist, Waterproof, yaani saa ya mkono isiyoingiza maji). Nimezitazama picha za saa hizo kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyoamini kwamba uzuri wake uko kwenye vipimo. Mshale wa dakika unafika mpaka kwenye reli ya dakika, ile mistari midogo inayozunguka ukingo wa uso. Kioo kimebinuka. Kasha ni jembamba, limelala juu ya mkono. Ukivipata vipimo hivyo, saa mpya kabisa itaonekana ya zamani. Ukivikosa, hakuna rangi itakayokusaidia.

Seti yangu ilikuwa na rangi, vipimo haikuwa navyo. Mshale wa dakika uliishia kama milimita mbili kabla ya kufika kwenye reli. Milimita mbili mezani si kitu, lakini kwenye uso mdogo hivi jicho linaziona kila mara, na saa nzima inakuwa kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Kioo kilikuwa bapa. Karibu na namba 3 palikuwa na kidirisha cha tarehe, jambo ambalo saa zile hazikuwa nalo, na kidirisha chenyewe kilikuwa kimeikata namba katikati. Pia ulichapwa ule mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Hapo nilisita. Alama ile iliwekwa kwenye vitu vilivyotolewa kwa askari na kurudishwa ghalani. Kuivaa kwenye saa niliyoiunga juzi kwa mikono yangu kulinifanya nijisikie nadai historia isiyo yangu, kwa hiyo nilinunua uso mwingine, usio na alama wala tarehe.

Kwenye mishale na namba walipaka rangi ya kung'aa gizani iliyotiwa manjano, iigwe ile ya saa zilizozeeka. Wengine wanaipenda. Mimi nashindwa kuitazama bila kukumbuka manjano halisi yalitoka wapi. Rangi ya enzi zile ilichanganywa na radiamu. Kwenye viwanda vya Marekani, kuanzia miaka ya 1910, wasichana walichonga ncha za brashi kwa midomo yao ili wapake namba vizuri, na wengi wao waliugua na kufa kwa sumu hiyo. Radiamu hupungua kwa nusu katika miaka 1,600 hivi, maana yake uso wa saa ya 1945 ambao hauwaki tena gizani bado unatoa mionzi ileile. Kilichochoka ni unga uliokuwa unang'azwa nayo. Kwa hiyo anayetaka kuchukua mishale ya zamani kweli na kuifunga kwenye saa mpya, asiikwangue wala asiipulize vumbi lake. Rangi za leo hazina mionzi, zinakunywa mwanga na kuutoa taratibu. Mishale niliyonunua baadaye ina rangi ya kijani hafifu, na nimeridhika nayo.

Sasa kazi yenyewe. Kwa anayeanza, mashine ya NH35 ni mwalimu mvumilivu. Inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, unaweza pia kuitia ufunguo, sekunde zinasimama ukivuta ufunguo wa pembeni, ina vito 24, inapiga mara 21,600 kwa saa moja, na ikijaa inatembea saa 41 hivi. Vipuri vyake vimejaa kila mahali. Nyuso zake zina miguu miwili inayoingia kwenye matundu ya mashine, na hapa wengi wanakosea wanaponunua uso wa kubadilisha: kuna nyuso zilizotengenezwa kwa ufunguo unaokaa kwenye namba 3 na nyingine kwa ufunguo unaokaa karibu na namba 4. Ukichanganya, uso utakaa upande. Uliza kabla ya kulipa.

Mishale ndiyo iliyoninyima usingizi. Tundu la mshale wa saa ni milimita 1.50, la dakika 0.90, la sekunde 0.20. Unaanza kwa kuzungusha ufunguo mpaka tarehe iruke, maana hapo ndipo mashine inaamini ni saa sita kamili usiku, kisha mshale wa saa na wa dakika unaiweka yote miwili ikielekea 12. Hata kama uso hauna kidirisha, fanya hivyo, kwa sababu gurudumu la tarehe bado lipo chini yake. Mshale wa sekunde unaubonyeza mwisho, nao unataka mkono uliotulia kuliko vyote. Nilijifunza kupumzisha viganja vyote viwili kwenye ukingo wa meza, kuvuta pumzi, na kubonyeza nikiwa natoa pumzi.

Mara ya kwanza nilidhani nimefaulu. Nikaivaa. Kesho yake asubuhi ilikuwa imesimama saa moja na dakika 38. Nikaitikisa, nikaisogeza mbele, ikatembea, kisha ikasimama saa mbili na dakika 43. Niliilaumu mashine na nikakaribia kuomba nyingine. Ni jioni, nilipoandika nyakati zile mbili kwenye karatasi, ndipo nilipoona tofauti yake: dakika 65. Hiyo ndiyo nafasi kati ya mshale wa dakika kuupita mshale wa saa mara moja na mara inayofuata. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Mshale wa saa niliubonyeza ukiwa umeinama kidogo, ncha yake ikawa juu, na kila mishale ilipokutana ilikwamana. Nilifungua, nikaulaza sawa, na tangu siku hiyo saa haijasimama. Siku hizi kabla ya kufunga kasha naitazama mishale kwa ubavu, lenzi jichoni, nikizungusha duara zima la saa 12. Inachukua dakika tano.

Mishale mirefu niliyonunua badala ya ile ya seti ilileta kazi nyingine tamu. Uso niliouchagua umebinuka kidogo pembeni, kama zilivyokuwa nyuso nyingi za zamani, hivyo ncha ya mshale wa dakika lazima ishuke kuufuata. Niliikunja kwa kuilaza juu ya kalamu ya mviringo na kuisukuma kwa kijiti cha mbao, kidogo, natazama, kidogo tena. Siku niliyoifunga na kuona ncha ikitembea juu ya reli ya dakika, mstari kwa mstari, nilikaa nikiitazama mpaka nikasahau chai.

Kijiti cha ufunguo ndipo ninapomlaumu muuzaji waziwazi. Kijiti huja kirefu, nawe unakikata kulingana na kasha lako. Ukikiacha kirefu, ufunguo unabaki umechomoza; ukikikata kifupi mno, ufunguo haushiki mashine na kijiti kimekwisha. Kila anayeanza ataharibu kimoja. Kwenye seti kilikuwepo kimoja tu, na maelekezo yalikuwa picha sita zisizo na kipimo hata kimoja. Changu nilikikata kifupi, nikasubiri wiki tatu vingine vifike. Cha pili nilikikata kirefu makusudi, nikakipunguza kwa tupa, misukumo miwili mitatu kwa wakati, nikikijaribu kila mara. Kukichomoa kwenye mashine unabonyeza kidoto kidogo kwa ncha ya bisibisi huku ukivuta. Bonyeza polepole, maana ukitumia nguvu, kile chuma chembamba cha ndani kinaweza kuhama, na hapo umejiongezea kazi ya fundi saa.

Vumbi sitalisemea sana. Fanya kazi kwenye trei yenye kingo, vaa vifuniko vya vidole, tumia puto la kupulizia badala ya mdomo, na kubali kwamba utafungua kioo mara tatu kwa ajili ya unyuzi mmoja.

Kioo bapa nilikibadilisha kwa kioo cha plastiki ya akriliki kilichobinuka, chenye pete ya chuma ndani ya kukikaza. Hapa kipimo kinahesabiwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo pima tundu la kasha kwa kaliperi badala ya kuamini maandishi ya tangazo. Akriliki inachubuka haraka. Wiki ya kwanza tu nilishakigusisha kioo kwenye ukingo wa mlango. Lakini mchubuko unatoka kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini, na ukiitazama saa kwa upande, namba za pembeni zinajipinda ndani ya mbinuko wa kioo kama vitu vilivyo chini ya maji. Kati ya mabadiliko yote niliyofanya, hili ndilo lililoirudisha saa mwaka 1945.

Kuhusu mwendo: ilipotoka kwenye boksi, kipima mwendo kilionyesha inakimbia sekunde 19 kwa siku. Hiyo iko ndani ya kiwango cha mashine hii, ambacho ni kati ya kuchelewa sekunde 20 na kukimbia sekunde 40. Nilisogeza kidude cha kurekebishia kwa unene wa unywele, nikaacha usiku kucha, nikapima tena. Sasa inakimbia sekunde tano. Karibu yake kuna kidude cha pili kinachofanana nacho; hicho usikiguse kama hujui kazi yake, kwa kuwa kinavuruga ulinganifu wa mapigo ya kwenda na kurudi.

Kuna mawili ambayo sijayatatua. La kwanza, ufunguo nikiuvuta hatua ya kwanza, nairekebisha tarehe isiyoonekana, na usiku wa manane huwa nahisi gurudumu likiruka chini ya uso. Laiti ningenunua NH38 tangu mwanzo, ambayo haina tarehe kabisa. La pili ni unene. NH35 peke yake ina milimita 5.32, na ukiongeza uso, mishale, kioo kilichobinuka na mfuniko wa nyuma, kasha la milimita 36 linasimama juu ya mkono kama kopo. Chini ya mkono wa shati linakwama. Mashine za kujijaza zina kile kizito kinachozunguka juu yake, na nafasi yake haikwepeki.

Seti ilidai saa itahimili maji ya baa 5 (baa ni kipimo cha shinikizo). Mpira nilioukuta ulikuwa mkavu. Nilibadilisha, nikaupaka grisi ya silikoni, lakini sijaipima kwa shinikizo, kwa hiyo naivua kabla ya kuoga.

Kwa nyota tano, seti naipa tatu. Mashine na kasha ni vizuri na vina thamani yake. Mishale, kioo na kijiti kimoja kimenigharimu muda na subira. Kwa mtu anayetaka kujifunza kuunga saa, naipendekeza, mradi aagize vijiti viwili vya akiba siku ileile. Anayetaka tu kuivaa ikiwa tayari, atafute saa iliyokwisha kuungwa.

Ya pili nimeshaianza. Mezani, chini ya kikombe cha kioo, ipo mashine ya Peseux 7001: ya kutiwa ufunguo kwa mkono, vito 17, sekunde zikiwa juu ya namba 6 kama inavyotakiwa, na unene wake ni milimita 2.5 tu. Kasha lake bado sijalipata.