Kuala Lumpur hadi Penang kwa treni, bila ajensi: maoni ya fundi wa Katuba, Lubumbashi

Hapa Lubumbashi ukisema unaenda Malaysia, watu wanauliza unaenda kununua nini, halafu wanauliza umepitia ajensi gani. Mimi sikwenda kununua, na ajensi niliikataa. Ile niliyoitembelea mjini ilinionyesha karatasi ya rangi nzuri: hoteli Kuala Lumpur, picha mbele ya minara miwili, duka kubwa, duka kubwa lingine, ufuo, ndeke, nyumbani. Kwa bei waliyotaja mtu anazungushia kiwanja chake ukuta. Nikashukuru, nikatoka, nikajipangia mwenyewe. Ninachotaka kukisifu hapa ni ETS, treni ya umeme inayotoka KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur (KL), kuelekea kaskazini hadi Butterworth, mkabala na kisiwa cha Penang. Bila treni hiyo ningerudi na picha za minara tu.

Karatasi kwanza, haraka. Kwa pasipoti ya Kongo, visa ipatikane kabla ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, maana wanaotoka kwetu wanaulizwa. Kuna pia fomu ya kuingia nchini, MDAC, iliyoanza kudaiwa Januari 2024: unaijaza kwa simu ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na haina malipo. Mtu akikuomba dola za kukujazia, mwache. Uwanja wa ndege uko mbali na mji, kilomita zaidi ya 50. Treni ya haraka inakufikisha kwa dakika 28 na inadai ringgit 55, pesa ya huko. Basi linachukua kama saa nzima, lakini bei yake iko chini sana ya hiyo. Nilipanda basi.

Kuhusu Kuala Lumpur sina mengi. Mji mkubwa, safi, wenye joto la kunata. Nilipanda ngazi 272 za Batu Caves, mapango yenye hekalu, pamoja na Wahindu waliobeba watoto mabegani, huku nyani wakinyang'anya watu ndizi. Chumba cha kwanza nilichokuwa nimekiandikisha kilipata "shida ya maji" ghafla, mwenyewe aliponiona mlangoni. Mwafrika anayesafiri peke yake huko ajiandae kwa hilo, na atembee na pasipoti mfukoni. Nyumba ya pili, hatua chache mbele, mama mmoja wa Kichina alinipa ufunguo bila kuuliza hata natoka wapi. Kodi ya mgeni ya ringgit 10 kwa chumba kwa usiku ni sheria ya nchi, kwa hiyo usigombane na wa mapokezi.

Sasa treni. Mimi kazi yangu ni kufunga upya waya za moteri zilizoungua, na marehemu mjomba alikuwa mtu wa reli, basi nilishuka kwenye jukwaa na kuchungulia chuma chenyewe kabla ya kuangalia kiti. Reli yao ina upana wa milimita 1,000. Yetu ya Katanga ina 1,067. Maana yake njia yao ni nyembamba kuliko ile inayopita hapa kwetu, na juu yake treni inafika kilomita 140 kwa saa, chai haimwagiki. Nimezoea kuambiwa kwamba tatizo letu ni reli nyembamba ya wakoloni. Sitaki kuisikia tena hoja hiyo.

Kiti kina namba, na namba inaheshimiwa. Tiketi nilikata kwa simu, na KL hadi Butterworth haikufika dola 25. Kuna behewa la kununua chakula. Chukua koti au kikwembe: nchi nzima inapenda baridi ya mashine, kwenye basi, dukani na treni pia. Mji ukiisha, dirishani inaanza michikichi, mistari na mistari, mpaka macho yanachoka. Mti wetu huo wa Afrika, jamani. Miche minne ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, Indonesia, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara upande wa Malaysia lilianza Selangor mwaka 1917. Leo Indonesia na Malaysia ndizo zinazoongoza dunia nzima kwa mawese. Ila vibandani wanapikia yaliyosafishwa, meupe, hayana harufu. Mwenye hamu ya sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta mekundu avumilie.

Kwa karatasi ya ajensi, mtu hashuki mji wa Ipoh. Mimi nilishuka, na ndipo hela yangu ilipolipa. Ni kama saa mbili na nusu kutoka KL. Stesheni yenyewe ni jengo jeupe lenye kuba, la wakati wa Waingereza, na mji umezungukwa na milima ya mawe ya chokaa iliyosimama wima. Bonde lake, Kinta, lilikuwa na utajiri wa bati kama wetu wa shaba. Wachina walikuja kwa maelfu kuchimba, Wahindi wakaletwa kufanya kazi ya reli na mashamba, Wamalay walikuwepo. Mtoto wa Lubumbashi haelezwi zaidi: kampuni, kambi ya wafanyakazi, makabila yote kwenye foleni moja ya maji. Bei ya bati ikaanguka mwaka 1985 na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Sisi mgodi wetu wa shaba wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Tunajuana.

Nenda Tanjung Tualang, nje ya Ipoh, ukaone mashine yao ya kuchimba bati, TT5. Treni haifiki huko. Niliita gari kwa Grab, programu ya simu ya kuita gari. Mashine imejengwa 1938, ikasimama 1982, na ina uzito wa tani 4,500. Ni kiwanda kizima kinachoelea! Ilikaa juu ya ziwa ililolichimba yenyewe: mbele mnyororo wa ndoo za chuma unashuka kwenye tope, unapanda, unamwaga juu, ndani tope linaoshwa kwa maji, bati kwa kuwa ni zito linabaki chini, mchanga unatupwa nyuma. Hivyo inasogea, inakula mbele na kutapika nyuma, na ziwa linasogea nayo. Wanakuvika kofia ya chuma, kijana anakutembeza. Nilibaki kwenye pini za zile ndoo, nene kuliko paja langu, zimelika upande mmoja tu, ule uliokuwa unavuta. Wenzangu walishafika chini, kijana akanirudia: "Anko, tunafunga." Ni mara ngapi mtu anaachwa aguse mashine ya mgodi bila mlinzi kumfukuza?

Chakula ni sababu nyingine ya kwenda bila kiongozi, maana walioletwa na basi la watalii wanapelekwa kwenye viyoyozi, na chakula kiko nje. Asubuhi ni nasi lemak: wali wa tui la nazi, pilipili iliyopondwa na kukaangwa, karanga, yai, na visamaki vikavu ambavyo mtu yeyote wa hapa ataviita kapenta. Penang ni nasi kandar, wali wa Waislamu wa Kitamil, unaomwagiwa mchuzi wa aina tatu nne mpaka wali wenyewe unapotea. Nyama ya nguruwe iko kwa Wachina tu, na haifichwi. Unakaa meza yoyote, jirani yako anakula kingine kutoka kibanda kingine, hakuna anayemtazama mwenzake sahani. Bukari, yaani ugali, hakuna. Nilikula wali hadi nikaanza kuuota unga wa mahindi.

George Town, mji wa kisiwani Penang, nimeipenda, ingawa watalii ni wengi. Kwenye mtaa mmoja, Masjid Kapitan Keling, utapita kanisa la Waanglikana la mwaka 1818, hekalu la Wachina linalofuka ubani kutwa, la Wahindi halafu msikiti, kwa miguu, bila kutoka jasho la pili. Basi za CAT za kuzunguka mjini hazilipiwi.

Mambo mawili kwa atakayefuata njia hii. Wakati wa Hari Raya, yaani Idi, na mwaka mpya wa Wachina tiketi za treni zinaisha mapema sana, kwa hiyo kata kabla hujatoka Lubumbashi. Na ukifika Butterworth usimsikilize mwenye teksi: kutoka stesheni unafuata njia ya waenda kwa miguu hadi kwenye kivuko, unavuka, umefika mjini.