Fumba Town, Unguja: kabla ya machweo, kagua maji, chumvi na ada

Picha za mauzo za Fumba Town, mji mpya wa nyumba na fleti za kuuzwa, hazidanganyi kuhusu mahali. Rasi ya Fumba iko kusini ya uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume. Upande mmoja unatazama machweo, upande wa pili ni Ghuba ya Menai, iliyo hifadhi ya bahari tangu 1997. Mpango wa mji nao ni mzuri: njia za miguu zimepewa heshima yake, na bustani zinafuata kilimo cha pamakalcha, yaani mimea inayochaguliwa kwa udongo mchache na jua kali badala ya majani ya kunywa maji kutwa. Kwa mpangilio wa nje, alama zote.

Anayetaka mchanga mweupe wa Paje au Nungwi asije huku. Pwani hii kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe ulioliwa na mawimbi, na bamvua ikifika maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Saa ya kuogelea unapangiwa na mwezi.

Jambo kubwa ni huo mwamba. Chini yake maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kisima kupita kiasi chumvi inapanda. Kwa hiyo kipimo cha maji cha mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimejaa, hakikusaidii. Omba cha Februari au mwanzo wa Machi. Chumvi na madini yaliyoyeyuka yakizidi miligramu 1,000 kwa lita, maji hayanyweki vizuri, na birika na hita za bafuni huanza kulika. Familia ya watu 4 inayotumia lita 100 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 1,200 kuvuka siku 3 bila maji, hivyo tangi la lita 500 juu ya paa ni pambo tu.

Mwamba huohuo una matundu. Maji machafu ya shimo la kawaida hupenya bila kuchujwa na kuishia kwenye visima au baharini. Katika mji wa nyumba nyingi, mtambo wa pamoja wa kusafisha maji machafu ni lazima. Uliza maji yaliyosafishwa yanakwenda wapi, na pampu zake zina jenereta ipi. Umeme ukikatika na pampu zikasimama, maji hufurika kwenye chemba ya chini kabisa, na mwenye ghorofa ya chini ndiye wa kwanza kujua.

Umeme wenyewe una kichekesho chake. Waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni unapanda nchi kavu hapohapo Fumba, lakini ujirani huo haukupi hata taa moja ya ziada. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi 3 kuanzia Desemba 2009. Waya wa pili wa megawati 100, uliozinduliwa 2013, umepunguza hatari hiyo.

Kwenye jengo lenyewe, adui ni chumvi. Nondo za nje zinataka zege la milimita 50 juu yake. Zikipewa 25, kutu huvimba ndani na zege hupasuka vipande. Mchanga wa baharini usiooshwa huleta ugonjwa huohuo kutoka ndani. Skrubu na bawaba ziwe za chuma cha pua cha daraja 316, maana 304 hutoa madoa mapema. Nyumba za mbao, ambazo mradi huu unazipenda, zinafaa kwa joto, ila mbao isiguse ardhi kabisa na msingi uonekane wazi pande zote ili njia za mchwa zionekane. Paneli iliyofunikwa hadi chini huwezi kuikagua. Angalia pia madirisha: chumba chenye dirisha upande mmja tu hakipati kusi wala kaskazi, na bili ya kiyoyozi itakukumbusha kila mwezi.

Kisheria, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na unachonunua ni haki ya miaka kadhaa. Fleti zina sheria yake ya mwaka 2010, inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na mmiliki wake. Soma miaka iliyobaki kwenye mkataba mkuu wa mwendelezaji, kwa sababu wako hauwezi kuuzidi.

Halafu ada ya huduma. Tuseme ni dola 1.5 kwa mita ya mraba kwa mwezi: fleti ya mita 50 inalipa dola 900 kwa mwaka, ikae mtu au isikae. Dai kuona ni kiasi gani kinawekwa akiba kwa paa, pampu na rangi. Majengo ya Michenzani, maghorofa ya zamani ya mjini Unguja, yanaonesha jinsi ngazi na mabomba ya pamoja yanavyochakaa yasipokuwa na mfuko wake.

Ukinunua nyumba ingali kwenye ramani, lipa kwa hatua zinazoonekana: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Zuia asilimia 5 hadi kasoro zirekebishwe, na ukaguzi wa mwisho ufanyike wakati wa masika, siku ya mvua kubwa, bomba zote zikiwa wazi.